Mto Uliopandishwa Cheo

Sogeeni karibu, ila msianze kutazama dirishani, maana nchi ninayoisema iko mbali. Iko mbali kiasi kwamba hata wenyewe wakiamka asubuhi huuliza kama bado wako humo. Inaitwa Jamhuri ya Shwari. Huko hakuna tatizo. Zamani lilikuwepo moja, likaundiwa tume, na mpaka leo linasubiri ripoti.

Shwari ilikuwa na mto ulioitwa Kizenga, uliotoka kwenye misitu ya milimani. Misitu ile ilikatwa kwa sababu nzuri sana: serikali ilihitaji mbao za majukwaa. Majukwaa ya nini? Ya kuhutubia Siku ya Kupanda Miti. Kila mwaka sherehe ilikua, jukwaa likakua, na msitu kwa uzalendo wake ukapungua. Mto ukaanza kukonda. Ukawa kijito, ukawa unyevu, ukawa kumbukumbu. Watu wakasema umekauka. Ndipo msomaji wa habari akatangaza redioni, sauti yake ikimwagika furaha kama ya mtu aliyepata mtoto: "Mto Kizenga haujakauka. Mto Kizenga umepandishwa cheo na kuwa barabara."

Wiki haikuisha greda likapita, lami ikamwagwa juu ya mchanga. Viboko walibandikiwa tangazo la uhamisho kwenye mkuyu. Hawakulisoma, maana kiboko ni mkaidi, basi wakaandikwa magazetini kuwa wapinga maendeleo.

Sasa, katika Mtaa wa Wafinyanzi, chini kabisa ya ile barabara iliyokuwa mto, alikaa msichana mmoja jina lake Mashavu. Mama yake, Bi Sikitu, alifinyanga magudulia na vyungu. Mashavu mwenyewe alipiga kinanda. Hakuwa msemaji. Alikuwa mtu wa kutazama. Angeweza kumtazama jongoo akivuka uwanja mzima bila kumwambia afanye haraka. Na uvumilivu huo ndio uliomwingiza kwenye muziki alioupiga, maana bila uvumilivu usingeupiga wala kuusikiliza.

Muziki wenyewe ulikuwa roki, lakini si ile roki ya kuruka na kupiga kelele ukaenda kulala. Hii ilikuwa roki ndefu. Ililetwa Shwari na mhandisi mgeni aliyekuja kujenga bwawa, akaondoka bila kulijenga, akaacha sanduku la santuri. Wimbo mmoja ulijaza upande mzima wa santuri. Ulianza kama sala, ukapanda kama ugomvi, ukashuka kama mtu anayeomba radhi, halafu ukaanza upya kama vile hakuna kilichotokea. Mashavu alipousikia mara ya kwanza alisema, "Hawa watu hawana haraka. Ni ndugu zangu."

Akaunda bendi, ikaitwa Mwendo wa Kobe. Walikuwa watatu. Gitaa lilipigwa na Lwitiko, kijana wa maneno machache na nywele nyingi. Dramu zilipigwa na Mjomba Chitete, aliyekuwa zamani kwenye bendi ya polisi. Alifukuzwa kwa kuwa siku moja alipiga pigo moja zaidi baada ya Mtukufu, mtawala wa nchi, kuacha kutembea, na Mtukufu akalazimika kuongeza hatua ambayo haikuwa kwenye ratiba.

Albamu yao ilikuwa na hadithi moja tu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na ilibeba jina la jambo lenyewe: Mto Uliopandishwa Cheo. Mtaani iliwachosha watu. Mama mmoja jirani alisema, "Nilipoinjika maharage ndiyo mlikuwa mnaanza. Yameiva, yameungwa, yameliwa, na huo mto wenu bado haujafika kwenye kiitikio!" Kuicheza ilikuwa balaa, maana mapigo yake yalikwenda kwa saba saba. Ukicheza, mguu mmoja unabaki hewani ukisubiri mwenzake.

"Mashavu," Mjomba Chitete alizoea kumwambia, "hivi huu wimbo utakuja kumfaa nani?"

"Sijui, Mjomba. Ila nao uwe tayari."

*

Mto ulipokuwa barabara, kilichobaki ni chemchemi moja. Ilikuwa nyuma ya tanuri la Bi Sikitu, ndogo, upana wa ungo, lakini haikuchoka. Mtaa mzima ulichota hapo. Udongo wa vyungu ulilowekwa kwa maji hayo, watoto walioshwa kwa maji hayo, na chai ya mtaa ule ilisifiwa mpaka mjini.

Siku moja wakaja watu na kamba wakapima, wakapigilia vigingi, wakaondoka bila salamu. Jioni redio ikaeleza. Serikali itajenga sanamu kubwa ya Mtukufu akinywa maji kwa mikono miwili, ishara kwamba ukame umeshindwa. Na mahali pa kuijenga ni juu ya chemchemi yenyewe.

Bi Sikitu alikuwa amekaa na chungu kibichi mapajani. "Mashavu, hebu nisikie vizuri, masikio yangu yana umri. Wanaziba chemchemi?"

"Ndiyo, mama."

"Wajenge sanamu ya mtu anakunywa maji?"

"Ndiyo. Itaitwa Sanamu ya Kiu Iliyoshindwa."

"Sasa huyo mtu atakunywa nini?"

"Zege, mama."

Bi Sikitu alicheka mpaka chungu kikapinda mdomo. Halafu kicheko kikamwisha ghafla, akakitazama kile chungu, akakifinya kikarudi kuwa bonge la udongo. "Na sisi tutakunywa nini?" aliuliza. Mashavu aliinuka. Alikwenda akakaa pale chemchemini, akatazama maji yanavyochipuka. Kesho yake alikaa tena.

*

Ili muelewe yaliyofuata, lazima niwaambie namna miradi inavyozinduliwa huko Shwari.

Kwingine hukata utepe. Shwari waliona utepe ni kupoteza kitambaa. Kwao Mtukufu huvua viatu, hukunja suruali, huingia kwenye boksi la mbao lililojaa zege bichi, na husimama humo wimbo ukipigwa. Wimbo ukiisha anatoka, na nyayo zake zinabaki milele. Nchi imejaa nyayo. Kuna hospitali isiyo na daktari wala dawa, lakini ina nyayo, na mgonjwa akifika huambiwa akanyage hapo aone kama atajisikia vizuri. Na kwa kuwa Mtukufu hapendi kusubiri, mafundi walimtengenezea saruji yake maalumu iliyoganda upesi kuliko zote. Nyimbo zilikuwa fupi, basi hapakuwa na hofu.

Ukisema saruji ile huganda, watu wa mjini hawakubishii. Watakuonyesha Beleshi. Pale njiapanda ya soko liliwahi kumwagwa zege la msingi wa mnara, Waziri mmoja akaamua kusema maneno machache kwanza. Alipomaliza maneno machache, beleshi la fundi lilikuwa limeganda limesimama wima, na liko hapo mpaka leo. Mnara haukujengwa tena. Watu hupeana miadi hapo: "Nisubiri kwa Beleshi."

Jambo la pili ni sheria. Zamani kinyozi mmoja alizima redio katikati ya jina la Mtukufu, jina likabaki nusu hewani, na usalama wa taifa wakahangaika mchana kutwa kuitafuta nusu nyingine. Ndipo ikatungwa Sheria ya Heshima ya Wimbo. Wimbo wenye jina la Mtukufu ukipigwa, hakuna kukaa, hakuna kufanya kazi, hakuna kusema, hakuna kuondoka. Kiitikio kikifika, kuitikia ni lazima. Na hakuna mtu, wa cheo chochote, atakayeukatiza mpaka mwenye wimbo aumalize mwenyewe.

Kwa hiyo kila mwanamuziki wa Shwari huanza na salamu za Mtukufu, na Bodi ya Nyimbo husikiliza salamu tu. Zikiisha, wanagonga muhuri na kulala. Mwendo wa Kobe nao walikuwa na salamu, ndefu na tamu, na Bodi ililala katikati yake mkono ukiwa juu ya muhuri. Hivyo ndivyo albamu nzima ilivyohalalishwa.

*

Asubuhi moja gari refu jeusi liliteremka kwenye barabara iliyokuwa mto likasimama mbele ya tanuri. Akashuka Mheshimiwa Dakta Pembemoja, Waziri wa Makofi na Shangwe, mtu mnene mwenye viganja vyekundu kwa sababu ya kazi. Kabla hajasalimia alijipigia makofi kidogo, ya kujikaribisha.

"Binti, wewe ndiye wa Mwendo wa Kobe?"

"Shikamoo, Mheshimiwa. Ndiye mimi."

"Marahaba. Nimeambiwa mna wimbo mrefu."

Mashavu alitazama viatu vya Waziri, akatazama vigingi. "Upo, Mheshimiwa."

"Mrefu kiasi gani?"

Bi Sikitu alidakia kutoka tanurini, "Wa kuivisha maharage, baba! Na makande kama unayo!"

Dakta Pembemoja alishusha pumzi kama mtu aliyefunguliwa mkanda. Alikaa juu ya chungu kilichogeuzwa, akasema kwa sauti ya chini, "Binti, acha nikueleze. Aliyenitangulia kwenye wizara hii aliteua wimbo mfupi. Mtukufu yuko kwenye zege, wapiga picha hawajajipanga, wimbo ukaisha. Kimya! Ukimya mtupu juu ya Mtukufu! Akanyanyua mguu, na nchi nzima ikasikia redioni." Alitazama huku na huku, kisha akanong'ona: "Chwaa."

"Chwaa?" Bi Sikitu aliuliza.

"Mama, usirudie! Sauti ya mguu kutoka kwenye tope ni sauti isiyo na heshima. Yule mwenzangu sasa ni mkuu wa mnara wa taa za meli, mahali pasipo bahari. Mimi sitaki. Nataka wimbo usioisha kabla ya wakati."

"Huu hauishi kabla ya wakati," Mashavu alisema polepole. "Hilo nakuhakikishia, Mheshimiwa."

"Una jina la Mtukufu?"

"Mwanzoni limejaa."

"Mbele huko unahusu nini?"

"Maendeleo ya mto."

"Safi kabisa!" Waziri akajipigia makofi tena, akaondoka.

Mjomba Chitete aliposikia alishika kichwa. "Mpwa wangu, tutapiga upande wa pili mbele ya Mtukufu? Ule wa malalamiko? Watatuzika na dramu zangu!"

"Mjomba, zege lote la sanamu litakuja siku hiyo kwenye magari, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na wimbo ukipigwa hakuna kufanya kazi. Magari yatasimama kuzunguka."

Mjomba alikiachia kichwa. Nywele za Lwitiko zikatikisika kidogo, ndiyo ilikuwa namna yake ya kucheka.

"Kwa Beleshi," alisema Lwitiko. Lilikuwa neno lake la kwanza wiki ile.

"Hapo hapo. Tupige mpaka zege liwe jiwe humo humo garini. Wakitaka kuziba chemchemi, wakaanze kutafuta magari mengine."

*

Siku ya uzinduzi jua lilitoka mapema, labda nalo liliitwa. Jukwaa lilikuwa kubwa. Ndilo lililomaliza kipande cha mwisho cha msitu. Magari ya zege yalijipanga kuzunguka chemchemi, matumbo yao yakizunguka taratibu kama mtu aliyekula sana. Polisi walijipanga, mawaziri wakajipanga, na kikosi cha makofi cha wizara kikanyoosha vidole. Umeme ulikuwepo, maana kwenye sherehe haukatiki. Bi Sikitu alikaa pembeni kwenye tanuri lake na gudulia jipya, na mtaa wote nyuma yake na ndoo tupu. Walikuwa wameambiwa waje na ndoo ili ionekane watafurahi.

Mtukufu alifika. Alikuwa mzee mfupi mwenye medali nyingi, nyingine za vita ambavyo bado havijapiganwa. Alihutubia.

"Wananchi! Mimi nilipoichukua nchi hii ilikuwa na mto mmoja na hakuna barabara. Leo tuna barabara na hakuna mto! Nani amewahi kufanya hivyo?"

"Hakuna!" umati ukajibu, na ilikuwa kweli.

"Wapo wanaosema kuna kiu. Kiu ni fikra za kigeni. Hapa nitasimamisha sanamu yangu nikinywa, na kila mwenye kiu aje aitazame, imtoke!"

Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia kwenye boksi. Zege likampanda mpaka juu ya vifundo. Dakta Pembemoja akampa Mashavu ishara kwa kidole.

Mashavu aliweka mikono juu ya kinanda. Aliona chemchemi kati ya matairi mawili, ikichipuka kama kawaida, haijui lolote. Akaanza.

*Mtukufu ee, Mtukufu,*
*jua linaomba ruhusa lichomoze,*
*kivuli kinakuuliza kilale wapi...*

Mara moja nchi ikaganda kwa heshima. Madereva wa zege walizima injini, wakashuka, wakasimama wima. Matumbo ya magari yakaacha kuzunguka. Hata kuku wa jirani aliyekuwa anavuka alitazamwa na polisi mpaka akasimama.

Mtukufu alifumba macho kwa raha. Salamu ziliendelea kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kusifiwa kwa mfululizo, akatabasamu mpaka medali zikagongana. Halafu dramu za Mjomba Chitete zikaingia na yale mapigo saba, na taabu ya kwanza ikaanza kwenye kikosi cha makofi. Makofi ya taifa hupigwa manne manne. Wakapiga manne, wimbo ukawa bado una matatu. Wakaongeza manne mengine, wakaupita. Wakapunguza mwendo, wakachelewa. Dakta Pembemoja mwenyewe alijitosa kuwaongoza, jasho likimtiririka, akiukimbiza wimbo kama mtu aliyeachwa na kofia yake kwenye upepo. Hawakukutana nao hata mara moja, na kuacha kupiga makofi ni kosa.

Upande wa kwanza ukaisha, gitaa la Lwitiko likabaki peke yake likilia kwa mbali. Mtukufu alifumbua macho. Alitazama miguu yake. Kidole kimoja cha mkono kikaanza kunyanyuka, kama cha mtu anayetaka kuuliza saa.

Mashavu aliona. Aliinama kwenye kipaza sauti, akaimba kwa upole: *Mtukufu ee...*

Kidole kikashuka. Ni nani atakayetikisika jina la Mtukufu likitajwa? Hata Mtukufu hakuthubutu. Na tena alitaka kusikia inafuata sifa gani.

Kilichofuata ni upande wa pili. Kinanda kikashuka chini kabisa, kikatoa sauti ya maji chini ya mawe, na Mashavu akaimba kwa sauti ya mto wenyewe:

*Nilikuwa mto, nikapewa cheo,*
*nikavishwa lami, samaki nikapokonywa.*
*Asanteni kwa cheo, wakubwa zangu.*
*Asanteni kwa magari yanayonipita kifuani.*
*Lakini nina kiu.*
*Mtukufu ee, mto una kiu.*

Mawaziri walitazamana kwa pembe za macho. Mmoja alitaka kupiga kelele "Uchochezi!", akakumbuka kusema wakati wa wimbo ni jela miezi kumi. Mkuu wa polisi alitaka kuzima umeme, akakumbuka kukatiza ni kifungo cha maisha. Kila mmoja alimtazama mwenzake aanze yeye. Na jina la Mtukufu lilikuwa limepandwa humo ndani kila baada ya mistari michache, kama vigingi.

Halafu kikafika kiitikio, na kuitikia ni lazima.

*Nina kiu!* akaimba Mashavu.

*Nina kiu!* wakaitikia polisi, kwa utii.

*Nina kiu!* wakaitikia mawaziri, maana kamera zilikuwa zikiwatazama midomo.

*Nina kiu!* ukaitikia Mtaa wa Wafinyanzi, ndoo zikigongana, na hao hawakuhitaji sheria. Jua lilikuwa utosini. Walichoimba kwa amri mwanzoni, sasa kila koo lililokauka liliimba kwa ukweli. Madereva waliimba wakilia. Msomaji wa habari, aliyekuwa akitangaza moja kwa moja, aliimba kwa ile ile sauti yake ya furaha, na nchi nzima ikasikia redioni kwamba ina kiu, na majumbani watu wakasimama wakaitikia.

Mjomba Chitete alikuwa amelowa. "Mpwa," alisema bila kufungua midomo, "mikono imeisha. Tumalize?"

Mashavu alitazama magari. Haiwezekani kujua zege la ndani ya tumbo limefika wapi. Ndipo macho yake yakaangukia boksi. Zege miguuni pa Mtukufu lilikuwa limebadilika rangi. Lilikuwa jeupe. Katikati ya Mtukufu na zege hapakuwa hata na nafasi ya kupitisha unywele.

Wallahi, hilo hakuwa amelipanga. Angeweza kumaliza sasa hivi, labda bado ingewezekana kumvuta. Lakini akimvuta yeye, magari nayo yatawashwa. Kati ya yale matairi mawili chemchemi ilichipuka, ikachipuka.

"Mikono pumzisha, Mjomba," alisema. "Piga kwa miguu."

Wakarudia upande wa pili tangu mwanzo.

*

Mara ya pili kiitikio kilipofika, Mtukufu naye akaimba. Sheria ni sheria, na jua ni jua. Ilisikika sauti nyembamba, kavu, isiyo na hotuba ndani yake: "Nina kiu."

Bi Sikitu akainuka. Aliinama kati ya matairi, akajaza gudulia, akatembea mpaka kwenye boksi mbele ya bunduki zote. Askari mmoja alimkodolea macho. "Wimbo umesema kiu," Bi Sikitu alimwambia. "Wewe umeitikia kwa mdomo, mimi naitikia kwa gudulia. Pisha, mwanangu."

Mtukufu alilipokea kwa mikono miwili, akainua kichwa, akanywa. Alikunywa kwa kelele mpaka maji yakamtiririka kwenye medali. Alikuwa amesimama vile vile hasa kama mchoro wa sanamu uliokuwa umebandikwa jukwaani, na wapiga picha, kwa mara ya kwanza, walikuwa wamejipanga.

Mashavu akaondoa mikono kwenye kinanda. Wimbo ukaisha.

Ukimya ukatanda. Dakta Pembemoja akafumba macho akisubiri ile sauti isiyo na heshima. Haikuja.

"Mtukufu," alinong'ona, "wimbo umeisha."

"Nimesikia."

"Sasa unaweza kutoka."

"Ningeweza, ningekuwa bado hapa?"

Fundi mmoja akagonga tumbo la gari la kwanza kwa nyundo: ngo! Akagonga la pili: ngo! Akakuna kichwa. Yote yalikuwa Beleshi.

Mtukufu akalitazama gudulia. "Haya maji matamu yametoka wapi?"

"Hapo unapotaka kupaziba, baba," Bi Sikitu alisema.

"Nani anataka kupaziba?"

Serikali nzima ikatazama angani, kama vile kuna ndege.

"Maadui, Mtukufu," alisema Dakta Pembemoja, na kwa desturi akapiga makofi manne.

"Basi iandikwe! Atakayeigusa chemchemi hii atasimama na mimi hapa. Mama, niongeze."

Na ikaandikwa. Unaweza kusema baadaye angelibadili, lakini amri ya Shwari haifutwi kamwe, maana kuifuta ni kusema Mtukufu alikosea, na hilo halina hata neno lake.

*

Kumtoa ilikuwa kazi. Kumgonga Mtukufu kwa nyundo ni uhaini, hata ukimgonga kwa nia njema. Ikaundwa tume. Tume ikashauri boksi livunjwe katikati tu, ili kila mguu ubaki na bonge lake mpaka iundwe tume ya pili. Hivyo Mtukufu akaondoka kwa winchi, akiwa na bonge la zege kila mguu. Usiku akaeleza redioni kwamba kiongozi imara ni kiongozi mwenye uzito.

Kesho yake mawaziri wote walifika kazini na viatu vya zege.

Mji ulipata burudani. Ofisi zenye ngazi zilifungwa. Jukwaa jipya lilitoboka siku ya kwanza, likatumbukiza baraza lote la mawaziri, na mbao zake watu wakazichukua kutengeneza milango. Magari ya serikali yalikwenda kwa kasi tu au hayakwenda kabisa, maana mguu ukishatua hauinuki, na jioni moja yalikutwa yamerundikana saba kwa Beleshi.

Ni wakati huo Bodi ya Nyimbo iliamka. Wakaisikiliza albamu kwanza mpaka mwisho, na ilichukua muda, maana mmoja aliomba irudiwe. Walipoelewa wakapiga ukelele, na amri ikatoka: Dakta Pembemoja akamkamate Mashavu, mwenyewe, kwa miguu yake.

Akaanza safari. Alifuata barabara iliyokuwa mto, kofi, hatua, kofi, hatua, na kila alipokanyaga lami ilipasuka, na kwenye nyufa zile unyevu ukaanza kuchungulia. Wenyeji wa njiani humpa uji. Watoto humwita Babu Ngo.

Huko Mtaa wa Wafinyanzi, Bi Sikitu alikuwa analoweka udongo wakati Mjomba Chitete alipokuja mbio mbio akihema.

"Mpwa, anakuja! Nimemwona mimi! Amevuka kwa Beleshi!"

Mashavu alipanda juu ya tanuri akaweka mkono juu ya macho. Mbali sana, kwenye mtetemo wa joto, kulikuwa na kitu cheusi chenye upana wa Waziri. Alikitazama kwa utulivu, kama alivyozoea kuwatazama majongoo. Kiliinua mguu. Kikapumzika. Kikaushusha.

Akateremka, akafuta vumbi kwenye kinanda.

"Bado yuko mbali, Mjomba," alisema. "Kaa tuanze upande wa tatu."